Mlio wa mashine unapanda na kushuka wenyewe: anzia kwenye tangi kabla ya kununua pampu

*"Asalaam aleikum fundi. Nina mashua ya kuvulia hapa Wete, Pemba, ina mashine ya diseli ya silinda tatu niliyoinunua mtumba. Asubuhi inawaka mara moja na tunatoka vizuri. Tukishakwenda kama saa moja, tukianza kuukabili mkondo, mlio unapanda na kushuka wenyewe, uuu-uuu-uuu, bila ya mtu kugusa mafuta. Nikipunguza inataka kuzima. Nikiizima nikangoja robo saa, inawaka na inakwenda kama haikuwa na kitu, kisha baada ya nusu saa inarudia. Filta nimebadilisha mara mbili. Fundi wa kwanza kasema gavana imekufa, ninunue pampu nzima. Wa pili kaikaza skrubu ya sailensa, ile ya mwendo wa chini, sasa haizimi lakini nikiingiza gia inagonga mpaka mbao zinatikisika. Pesa ya pampu sina mpaka niuze kitu cha nyumbani. Na vijana wanne ninaokwenda nao ni watoto wa watu. Nifanye nini?"*

Waalaikumu salaam, nahodha. Swali lako nimelisoma mara tatu, maana limeandikwa na mtu anayeisikiliza mashine yake, na mtu wa namna hiyo huwa amekwisha kujibu nusu ya swali bila ya kujua. Umenitajia hofu mbili, ya pesa na ya hao vijana. Ya pesa naijibu hapa hapa: usiuze kitu cha nyumbani. Katika yote uliyoyaeleza sioni ishara hata moja inayoelekea kwenye pampu kabla ya kuelekea kwenye tangi. Inawezekana mwisho tukaikuta pampu nayo ina lake, sikufichi, lakini si pa kuanzia. Ya vijana nitaifikia, kwa sababu ina mambo ya kufanya leo kabla hata hujashika spana.

Kwanza tuelewane kuhusu hii gavana ambayo kila mtu anaishitaki. Mashine ya petroli ukiipunguza moto, unaibana hewa. Diseli ya kawaida haibanwi hewa. Inavuta hewa tele muda wote, na mwendo wake unapangwa na kiasi cha diseli kinachopigwa ndani ya silinda, basi. Sasa mashua yako ikipanda wimbi, panga, yaani propela, linabeba mzigo mkubwa. Ikiteremka, mzigo unapungua. Lau diseli ingekuwa inakwenda kiasi kile kile, mashine ingezima kwenye wimbi moja na kupiga ukelele kwenye la pili. Gavana imewekwa kulizuia hilo. Ndani yake mna vyuma vizito vinavyozunguka pamoja na pampu. Vikizunguka kasi vinatanuka kwenda nje, na springi inavisukuma virudi. Ule wenzo wako wa mafuta, kwenye mashine nyingi za boti, hauigusi diseli moja kwa moja. Unaibana springi tu. Pale vyuma na springi vinapokubaliana nguvu, ndipo reki inaposimama, yaani ule ufito unaopanga kila silinda ipate diseli kiasi gani. Raundi zikishuka, vyuma vinajikunja, springi inashinda, reki inafungua diseli. Raundi zikipanda, vyuma vinatanuka na reki inabana.

Kazi hiyo inataka jibu la haraka. Umewahi kumpa mtoto usukani kwa mara ya kwanza? Omo, yaani mbele ya chombo, likilalia joshi, upande upepo unakotoka, anavuta. Chombo hakigeuki papo hapo, basi anazidi kuvuta. Omo linakuja, linapita, linalalia demani, upande upepo unakokwenda, naye anavuta upande wa pili, tena kupita kiasi. Ukitazama nyuma unaona mkuza umejipinda kama nyoka. Mtoto hana ubaya na usukani hauna ubaya. Jibu la chombo ndilo linalomfikia amechelewa. Gavana inapanda na kushuka kwa sababu hiyo hiyo: inaamuru, jibu linachelewa au linakuja si kiasi kilichoamriwa, inazidisha amri, jibu linakuja kwa mkupuo, inabana, na mchezo unaanza upya.

Maradhi haya ni makongwe kuliko diseli yenyewe. James Watt aliweka vyuma vya kuzunguka kwenye mashine za mvuke mwaka 1788, na mashine za aina ile zilisumbua watu kwa kupanda na kushuka mpaka mwanafizikia James Clerk Maxwell, mwaka 1868, akaandika hesabu ya kueleza kwa nini gavana moja hutulia na nyingine huyumba bila kukoma. Mashine ya kwanza ya Rudolf Diesel iliyofanya kazi sawasawa ilikuja 1897, miaka mingi baadaye. Nakutajia haya ili uone kwamba mlio ule ni lugha ya gavana yoyote, nzima au mbovu, inapokosa jibu la wakati.

Na jibu linachelewa kwa njia mbili kubwa. Ama mkono wa gavana wenyewe umekwama: kutu, ulimbo wa diseli iliyokaa, waya wa mafuta ulioliwa na chumvi, viungo vilivyolegea. Au mkono uko huru, lakini diseli inayoitwa haiji kama ilivyoitwa.

Hii ya pili inahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwani ndipo pesa za watu zinapopotelea. Pampu yako inaisukuma diseli kwa nguvu ambayo kwenye mashine nyingi za zamani ni kama mara mia mbili ya mgandamizo wa hewa tunayovuta, ndipo nozeli, ule mdomo unaoipulizia diseli ndani ya silinda, ifunguke. Diseli ni kitu cha majimaji, haibonyei; ukiisukuma upande huu inatoka upande ule. Hewa inabonyea. Kiputo kimoja kikiingia kwenye pampu, pampu inasukuma, kiputo kinajikunja, nozeli haifunguki, na silinda ile inapita zamu yake bila ya moto. Kwako wewe mwenye silinda tatu, zamu moja ikipotea ni theluthi ya nguvu. Raundi zinaanguka, gavana inafungua reki mpaka mwisho, na papo hapo kiputo kimeshapita na diseli kamili imefika. Mashine inaruka. Gavana inabana. Kiputo kingine kinakuja. Hiyo ndiyo uuu-uuu yako. Fundi akiifungua pampu ile ataikuta nzima, na bado ataiuza nyingine.

Sasa turudi kwenye barua yako, kwenye robo saa ile. Springi iliyochoka haiponi kwa kupumzishwa robo saa. Chuma kilicholika hakikui. Pampu iliyolika ndani nayo ina tabia yake: diseli ikipata joto inakuwa nyepesi, inavujia ndani kwa ndani, na mashine ikishachemka inakuwa taabu kuiwasha. Yako baada ya robo saa bado ni ya moto na umesema inawaka bila ya shida. Kwa hiyo kuna kitu kinajikusanya ndani ya saa moja ya mwendo, kisha kinatawanyika ndani ya robo saa ya kusimama. Katika mashua najua vitu viwili tu vyenye mwendo huo: tangi lisilopumua, na uchafu unaoziba mdomo wa mpira wa kunyonya ndani ya tangi.

Tangi lazima lipumue. Ukitoboa kopo la maziwa tundu moja, maziwa yanatoka kwa kukwama, glu, kimya, glu, kimya. Toboa la pili, yanamiminika. Mashine yako ikila, tuseme, lita nne kwa saa, basi lita nne za hewa lazima ziingie tangini kujaza mahali pake. Kuna kipaipu chembamba cha pumzi juu ya tangi, mara nyingi kimepindwa shingo na kutokeza ubavuni. Kikiziba, pampu ndogo, ile inayovuta diseli kutoka tangini kuipelekea pampu kubwa, inaendelea kunyonya, na kila dakika inanyonya kwa taabu zaidi. Ukisimama, hewa inapenya kidogo kidogo kwenye uzi wa kifuniko, tangi linarudi hali yake, nawe unadhani mashine imepumzika. Aliyepumzika ni tangi.

Niliitwa Mkoani, huko huko Pemba, mwaka fulani kutazama mashua iliyokuwa na maradhi haya haya. Pampu ilikwisha kufunguliwa, ikarudishwa, na mwenyewe alikwisha kulipa. Tukatoka nayo, mlio ukaanza, nikashika kifuniko cha tangi nikakizungusha nusu mzunguko. Hewa iliingia kwa mluzi, fyuuu, na bati la ubavu wa tangi, ambalo hakuna aliyegundua kwamba limebonyea ndani, likarudi nje kwa kishindo kama sufuria lililopigwa teke. Mlio ukatulia tukiwa bado tunatazamana. Tuliporudi pwani nikaingiza waya kwenye kipaipu cha pumzi: rangi nzito ya kijani mdomoni, chombo kilikuwa kimepakwa karibuni, na ndani yake udongo wa dondora, umekauka kama saruji. Yule bwana alikaa mchangani muda mrefu bila kusema kitu. Pesa ilikuwa ya msimu mzima.

Basi jaribio lako la kwanza halina gharama. Toka siku ya bahari shwari, usivuke, zungukia maji ya ndani huko huko Wete, kwa raundi zile zile unazotumia kwenda kuvua, mpaka mlio uanze. Legeza kifuniko cha tangi nusu mzunguko, usikitoe, na uweke tambara juu maji ya chumvi yasiingie. Sikiliza. Ukisikia mluzi na mashine ikatulia ndani ya dakika moja au mbili, umepata. Safisha kipaipu kwa waya, pulizia mpaka mwisho, na mdomo wake uelekeze chini, ukiwa na wavu mwembamba wa shaba kuzuia wadudu. Usiridhike na kuendelea kwenda na kifuniko kimelegea. Maji ya bahari yakiingia kwenye diseli utakuwa umenunua ugonjwa mkubwa zaidi ya huu.

Kama hakuna mluzi, tunakwenda kwenye jaribio ambalo mimi nalithamini kuliko mengine yote, nalo ni la dumu. Tafuta dumu safi, weka lita kumi za diseli unayoiamini, lifunge imara mahali palipo juu kidogo ya pampu, mbali na ekzosi. Chukua mpira mpya, peleka diseli kutoka dumuni moja kwa moja hadi pampu ndogo ya kunyonya, ukiliruka tangi, mipira yake ya zamani na filta ya kwanza. Mpira wa marejeo, ule unaorudisha diseli iliyobaki, nao uingize dumuni, vinginevyo dumu litakwisha na tangi litajaa. Dumu lenyewe liache lipumue, tusitengeneze upya kosa tunalolitafuta. Toa upepo: legeza skrubu ya juu ya filta, piga kile kiwenzo cha mkono mpaka diseli itoke bila ya povu, kaza, kisha fanya vivyo hivyo kwenye pampu. Halafu nenda saa moja na nusu.

Mlio ukitulia muda wote huo, pampu yako na gavana yako zimejitetea wenyewe na kesi imerudi nyuma, tangini. Ila kuna hila moja ambayo mafundi wengi huisahau. Dumu likiwa juu, diseli inateremka yenyewe, hata pampu ndogo iliyochoka itaonekana nzima. Kwa hiyo kabla hujafurahi, lishushe dumu mpaka kwenye sakafu ya mashua, usawa wa tangi au chini yake, uende tena. Mlio ukirudi hapo, mtuhumiwa ni pampu ndogo, aghalabu mpira wake wa ndani umechanika au vali zake zimeshika taka. Kitu hicho ni rahisi mno ukilinganisha na pampu kubwa.

Mlio ukiwa umetulia dumu likiwa juu na chini, fungua tangi. Toa bomba la kunyonya ulitazame mdomo. Mengi yana kawavu kadogo pale, na kwenye mashine za mtumba kawavu kale hukuta kamevaa koti jeusi, laini, lenye kuteleza kama utumbo wa pweza. Mashine ikivuta, koti linajibandika. Ikisimama, linaachia na kuanguka chini. Ndiyo robo saa yako tena, kwa njia nyingine. Ute ule ni wa viumbe vidogo visivyoonekana vinavyoishi pale maji na diseli vinapokutana. Maji yenyewe hayaletwi na mtu: tangi likilala nusu tupu, hewa yetu hii ya unyevu inapoa usiku, inatoa jasho kwenye bati, na matone yanateremka chini ya diseli kwa kuwa maji ni mazito zaidi. Chota diseli ya chini kabisa kwa mpira, itie kwenye chupa nyeupe, iache itulie nusu saa. Ukiona mstari, na chini yake maji, au utando mweusi ukielea kati, tangi lioshwe lote. Kutoka hapo jizoeshe kujaza tangi jioni unaporudi, badala ya asubuhi unapotoka. Diseli ya madumu iache itulie usiku kucha, na vidole viwili vya chini usivimimine. Kitambaa mdomoni mwa mrija kinazuia majani na mchanga, maji kinayapitisha.

Umesema filta umebadilisha mara mbili, na kwa hilo una haki ya kujiona umefanya wajibu. Lakini zile za zamani ulizitazama? Filta inayotoka ni kama barua kutoka tangini. Ipasue, ikunjue karatasi yake: nyeusi yenye ute, ni wale viumbe, yenye kutu, ni tangi, imekauka juu na kulowa chini tu, mashine imekuwa ikinyonya hewa. Na kila filta inapobadilishwa kuna ringi ya mpira inayoweza kukaa upande, na washa za shaba ambazo watu huzirudisha zile zile. Washa ya shaba iliyobanwa mara moja imekwisha kuwa ngumu. Ichome mpaka iwe nyekundu ipoe, au weka mpya, ni kitu cha bei ndogo sana.

Hapa kuna dhana ninayokutana nayo kila siku: "Fundi, nimekagua, hakuna panapovuja." Kutoka tangini hadi pampu ndogo, mashine inanyonya. Mahali palipopasuka hapatoi diseli nje, panaingiza hewa ndani, na pakavu kabisa pataonekana pazima. Ukitaka kuiona hewa, weka kipande cha mpira mweupe wa kuonesha, urefu wa shibiri, karibu na mahali diseli inapoingilia kwenye pampu. Dakika za mwanzo utaona viputo viwili vitatu vilivyobaki kwenye njia, hivyo viache. Vikiendelea baada ya hapo, vidogo vidogo vimefuatana kama uzi wa ushanga, basi rudi nyuma kiungo kwa kiungo, ukikifunga kila kimoja kwa tambara lililolowa diseli mpaka uone uzi unakatika. Kiungo kilichoukata ndicho kilichopasuka. Ukimaliza, utoe mpira ule. Joto na diseli vinaugeuza mgumu kama mfupa na utakupasukia baharini.

Umetaja pia kwamba inaanza mnapoukabili mkondo. Isikupoteze. Msimu wa kusi mashua ikipigwa na mawimbi ya nyuma, tezi linainuka, panga linakaribia juu ya maji, mlio unaruka kisha unarudi. Huo unakwenda sawa na wimbi, na gavana inafanya kazi yake. Wako unakwenda kwa mwendo wake wenyewe, wimbi liwepo lisiwepo. Ila tangi likiwa nusu na chombo kinayumba, diseli inaukimbia mdomo wa kunyonya kwa nukta chache, na hapo hewa inaingia hata kwenye mashine isiyo na kasoro. Jaribu tangi likiwa limejaa, uone kama saa moja ile inasogea mbele.

Sasa kama dumu juu, dumu chini, na mlio bado uko pale pale, kwa mapigo yaliyo sawasawa kama saa ya ukutani, nitakubaliana na fundi wako wa kwanza kwamba tumefika kwenye gavana. Hata hapo tuanze nje. Ufungue waya wa mafuta kwenye wenzo wa pampu, uchezeshe wenzo kwa kidole. Uende na urudi laini bila ya kukwama. Kama unakwama waya ukiwa umefungwa na haukwami ukiwa umefunguliwa, tatizo lako ni waya uliooza. Aina fulani za pampu zina oili yake peke yake ndani, na hukaa miaka bila ya mtu kuikumbuka. Zikikauka au oili ikichanganyika na diseli, gavana haina cha kuituliza. Kwenye aina nyingine mna ngozi ya mpira inayovutwa na hewa ya manifoldi, ile njia ya kuingizia hewa kwenye mashine, na ikitoboka tundu la sindano tu inaleta mlio huu huu.

Zaidi ya hapo, mkono wa pwani hautoshi. Vipande vya ndani ya pampu vimeachana kwa sehemu chache tu katika elfu za milimita moja. Havisawazishwi kwa sikio wala kwa uzoefu, vinasawazishwa kwenye benchi ambalo kila silinda inapimiwa diseli yake kwenye kioo. Muulize fundi swali moja kabla hujampa pampu: una benchi? Asiye nalo, hata akiwa ndugu yako, usimpe. Na ukifika hapo, kupima na kutengeneza hii uliyonayo ninakupendekezea kuliko kununua ya mtumba usiyoijua historia yake. Pampu mpya itakuwa na maana pale tu benchi litakaposema hii imekwisha, na hata hiyo mpya, ukiifunga kwenye tangi chafu, uchafu utaimaliza.

Kuna watakaokushauri ufunge pampu ya umeme karibu na tangi, isukume badala ya kunyonya. Si ushauri mbaya, na baadhi ya vyombo vinahitaji. Ila ukiifunga kabla ya kutafuta tundu, utakuwa umelifunika, na pale palipokuwa panaingiza hewa sasa patamwaga diseli juu ya mashine ya moto. Tafuta kwanza, funga baadaye. Pesa yako ya kwanza, kama iko, ningependa iende kwenye filta ya awali yenye kikombe cha kioo cha kutenga maji. Dawa za kumwaga tangini zinasaidia kuzuia ute usirudi tangi likishaoshwa; hazifungui kipaipu kilichoziba.

Ile skrubu ya sailensa irudishe ilipokuwa. Fundi wa pili hakutibu, alipandisha raundi za chini ili mashine isifike pale inapozimia, na sasa kila ukiingiza gia meno yanapokea pigo. Giaboksi ya boti ni ghali kama pampu. Na skrubu yenye sili ya risasi, ile ya mwisho wa raundi, usimruhusu mtu kuigusa.

Mambo machache yanataka usingoje jibu la mtu. Vuta kipimo cha oili kila asubuhi. Ukikuta oili imepanda badala ya kushuka, nyepesi na inanuka diseli, usiwashe kabisa. Ile pampu ndogo ikichanika ndani, diseli inateremka kwenye oili, inailainisha mpaka haishiki tena vyuma, na ikizidi mashine inaweza kuanza kuila oili yake yenyewe na kukimbia raundi zisizo na mwisho, hata ukivuta cha kuzimia haisikii. Ikitokea hivyo, njia ni moja: izibe hewa, kwa kipande cha ubao kwenye mdomo wa kuvutia, kamwe si kwa kiganja wala nguo nyepesi, na vijana wakae mbali nayo. La pili, mashine ikiwa inawaka usiweke mkono mbele ya nozeli wala bomba lake lililolegezwa. Mchirizi wake unapenya ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo na ndani kinaoza. Mtu akipigwa nao anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haumii. Na ikiwa mashine yako ni ya kisasa inayoongozwa na kompyuta, mengi niliyoyasema kuhusu gavana hayaihusu, nguvu ya diseli ndani yake ni kubwa mara kadhaa, na bomba lake la juu halilegezwi na mtu yeyote nje ya karakana.

Na hao vijana. Mpaka majaribio haya yaishe, usivuke. Kutoka Pemba mpaka Mrima, yaani pwani ya bara, ni kama kilomita 50, na katikati ya mkondo ule nanga haigusi chini; mashine ikizima hapo unakwenda unakopelekwa. Vua ndani ya maji ambayo bado unaiona nchi kavu, hata kama samaki ni wachache wiki hii. Tanga lako na foromali virudi chomboni, visibaki pwani kwa kuwa mna mashine. Jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, simu imefungwa ndani ya mfuko usioingia maji, na mtu wa pwani anayejua mmetoka saa ngapi na mnarudi saa ngapi, ili asipowaona awaarifu KMKM, kikosi cha Zanzibar kinacholinda bahari, mapema. Mlio ukianza mkiwa nje, usiongeze mafuta kuulazimisha; punguza mzigo, legeza kifuniko cha tangi, geuza omo nyumbani.

Ukishafanya jaribio la kifuniko na la dumu niandikie tena. Niambie kama kulikuwa na mluzi, mlio ulikuwaje dumu likiwa juu na likiwa chini, na karatasi ya filta ya mwisho ilikuwa na rangi gani. Moshi nao utazame ule wakati mlio unapoanguka, mweupe au mweusi, kwa sababu hukuutaja na ningependa kuujua.